John Kirk na Elimu ya Picha

Mwalimu aliyepata kuongoza gazeti la ukutani katika skuli ya msingi anajua kwamba watoto huitazama picha kwanza, na maneno huyasoma baadaye, ikiwa watayasoma. Jambo hilo nililiona upya nilipokwenda Nungwi, kaskazini ya kisiwa cha Unguja, kuwatazama wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha. Mmoja wao alikuwa amewapa watoto wa darasa la tano kazi ya kuandika habari za wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na kundi moja lilikuwa limemchagua ng'amba. Insha yao ilikuwa nzuri. Ilieleza jinsi gamba lake lilivyotafutwa tangu zamani kwa ajili ya vitana na mapambo, na jinsi anavyonaswa katika nyavu zilizotegewa samaki wengine. Lakini juu ya insha ile palikuwa pamebandikwa picha kubwa ya rangi ya mnyama mwenye miguu minne ya kukanyagia, kucha nene, na gamba lililoinuka kama kuba. Alikuwa kobe wa nchi kavu.

Watoto wale ni watoto wa wavuvi na wa mafundi wa majahazi. Wapo miongoni mwao waliokwisha kumwona ng'amba kwa macho yao, nao wanajua kwamba hana miguu ya kutembelea bali ana mapezi mapana yaliyo kama makafi. Hata hivyo, walipoagizwa kuchora, karibu wote walichora miguu na kucha. Waliiamini picha ya mwalimu kuliko macho yao wenyewe. Wala kosa halikuwa la mwanachuo peke yake, kwa maana andalio lake la somo lilikuwa na saini yangu, na picha ile niliiona kabla hajaibandika.

Nikirudi mjini jioni ile nilimfikiria mtu mmoja ambaye jina lake lingali limeambatana na mnyama wa Unguja mpaka leo, naye ni John Kirk. Wengi wetu tumemsoma katika historia kama balozi wa Uingereza aliyehusika na kufungwa kwa soko la watumwa. Ni wachache wanaomjua kama mpiga picha na mtaalamu wa mimea, na upande huo wa maisha yake ndio unaomhusu mwalimu.

Kirk alizaliwa tarehe 19 Desemba 1832 huko Barry, Uskochi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1854, na wakati wa vita vya Krimea alitumika katika hospitali ya Waingereza karibu na mlango wa bahari wa Dardanelles. Mbali na udaktari, alipenda sana mimea. Elimu ya mimea ya wakati ule ilikuwa na sheria moja ambayo mwanafunzi hakuruhusiwa kuivunja: mmea uliokaushwa na kubandikwa juu ya karatasi hauna faida kwa mtaalamu ikiwa karatasi hiyo haikuandikwa umechumwa wapi, lini, na nani. Jani lisilo na maelezo lilikuwa jani kavu tu. Ningependa kila mwanachuo aiweke sheria hiyo akilini, kwa sababu tutairudia.

Mwaka 1858 Kirk alichaguliwa kuwa daktari na mtaalamu wa mimea katika msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi. Msafara ule ulikuwa na watu watatu walioshughulika na picha. Thomas Baines alikuwa mchoraji rasmi. Charles Livingstone, ndugu yake kiongozi, alikuwa mpiga picha rasmi. Kirk hakupewa kazi hiyo, lakini alichukua kamera yake. Baines alichora kwa wingi na kwa rangi za kupendeza, mpaka mwaka 1859 alipofukuzwa kwa tuhuma za wizi ambazo alizikana maisha yake yote. Picha za Charles hazikufanikiwa. Zile za Kirk ndizo zilizofaulu.

Tuzingatie jinsi kazi ile ilivyokuwa. Picha haikuwa jambo la kubonyeza na kuendelea na safari. Karatasi au kioo kilipakwa dawa, kikatiwa ndani ya kamera, kikaachwa kipokee mwanga kwa muda, kisha kikasafishwa kwa dawa nyingine gizani. Joto na unyevu wa bonde la Zambezi viliharibu dawa hizo. Kitu kilichotikisika wakati wa kupokea mwanga kiligeuka ukungu. Kwa hiyo picha za Kirk zilizobaki kutoka msafara ule ni za vitu vinavyotulia: miti, nyumba, chombo kilichotia nanga, kingo za mto. Atakayezitazama na kutafuta tembo au viboko, atadhani kwamba bonde lile halikuwa na wanyama. Kumbe walikuwa tele. Chombo tu ndicho kilichokuwa hakiwezi kuwashika.

Hapa pana somo ambalo mara nyingi tunaliruka darasani. Tunamfundisha mtoto kusema anachokiona katika picha, jambo lililo jema, lakini hatumfundishi kuuliza ni kitu gani kisichoweza kuonekana humo. Picha ya mchana haiwezi kumwonyesha mnyama wa usiku, na iliyopigwa pembeni mwa barabara haionyeshi msitu ulivyo ndani. Kundi la kima kumi lililojaa katika picha moja humfanya mtoto aone kwamba kima ni wengi kila mahali. Basi kabla ya kuibandika, mwalimu na awaulize wanafunzi: aliyepiga picha hii alisimama wapi, na nyuma yake kulikuwa na nini?

Mwezi wa Novemba 1860, msafara ukirudi kutoka maporomoko ya Victoria, Kirk alipatwa na msiba ambao mtaalamu yeyote ataufahamu. Walikuwa wakishuka kwa mitumbwi katika maji makali ya Kebrabasa. Mtumbwi wake ulisukumwa na mkondo ukagonga mwamba na kupinduka. Yeye alionekana ameshikilia jabali, akaokolewa. Lakini vyombo vya kupimia vilizama, na pamoja navyo maandishi yake ya safari na michoro yake ya miti ya matunda ya bara. Kazi ya miezi mingi ilikwenda na maji. Leo hata mahali penyewe hapaonekani kama palivyokuwa, kwa sababu tangu mwaka 1974 maji ya bwawa la Cahora Bassa yamelifunika bonde lile.

Nimewahi kumwona mwanachuo akivikusanya vielelezo vya wanafunzi mwisho wa muhula na kuvitupa jalalani ili ukuta ubaki safi. Simlaumu sana, kwa maana kabati ni chache na mchwa ni wengi. Lakini mchoro wa mtoto wa pwani wa kiumbe alichokiona mwaka fulani, wenye tarehe na mahali, ni ushahidi. Ikiwa kiumbe hicho hakitaonekana tena pale baada ya miaka 20, mchoro ule utakuwa umebaki peke yake. Yafaa kila skuli iwe na jalada moja la michoro ya namna hiyo, hata kama ni daftari kuukuu.

Kirk aliondoka Zambezi mwaka 1863 akiwa mgonjwa. Mwaka 1866 alikuja Unguja kuwa daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza, na mwaka uliofuata alimwoa Helen Cooke. Tangu hapo alikaa kisiwani takribani miaka 20, akipanda kutoka daktari mpaka balozi mkuu mwaka 1873. Alikuwa na nyumba Mbweni, kusini ya mji, na bustani aliyopanda mimea ya nchi nyingi, akipelekeana mbegu na miche na bustani ya Kew huko Uingereza. Alichunguza pia sandarusi, ambayo wakati ule ilikuwa bidhaa kubwa ya pwani, akaonyesha uhusiano uliopo baina ya ile inayochimbwa ardhini na utomvu wa miti ya msandarusi iliyo hai. Kamera yake hakuiacha.

Mambo ya siasa nitayapita upesi, kwa kuwa yamo katika vitabu vya historia. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao, naye Kirk ndiye aliyeyaongoza mazungumzo hayo huku manowari za Kiingereza zikiwa tishio karibu. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini ni Kirk huyo huyo aliyekuwapo wakati Wajerumani na Waingereza walipoanza kugawana bara ambayo Barghash aliihesabu kuwa yake, na rafiki yake sultani hakupata msaada aliotumaini. Mwalimu asimwonyeshe kuwa malaika wala shetani. Alikuwa mtumishi wa dola yake.

Turudi kwa wanyama. Mwaka 1868 John Edward Gray, mtaalamu wa wanyama katika Makumbusho ya Uingereza mjini London, alitangaza aina mpya ya kima kutokana na sampuli aliyopelekewa na Kirk kutoka Unguja, akampa jina la Kirk. Ndiye kima tunayemwita kima punju: mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe, nywele ndefu nyeupe zinazouzunguka uso, na pua na midomo yenye waridi. Wenyeji walikuwa wakimjua miaka mingi kabla ya Gray. Jina lao linambeba pamoja na neno punju, yaani sumu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mti anaoulia hufa. Jina la kitaalamu linatuambia ni nani aliyempeleka London. Jina la kienyeji linatuambia kwa nini watu hawakumpenda. Mwanafunzi anayeandika habari zake anayahitaji yote mawili.

Gray hakupata kufika Unguja. Alimjua kima punju kwa ngozi na mifupa. Ndivyo ilivyokuwa kwa wataalamu wengi wa Ulaya wa karne ile, na wachoraji waliopamba majarida yao mara nyingi hawakumwona mnyama akiwa hai. Walijaza ngozi kwa fikra zao, wakamkalisha mnyama juu ya tawi la mti wasioujua, wakamtazamisha kushoto au kulia ilivyowapendeza. Rangi zilikuwa sahihi kadiri ngozi ilivyozihifadhi. Mkao ulikuwa wa kubuni. Picha kama hizo si uongo, ilimradi msomaji aambiwe zimetoka wapi.

Na jambo hilo halikuisha na karne ile. Picha ya chui wa Unguja ambayo mtu huiona mara nyingi ni ya yule aliyekaushwa na kuwekwa katika makumbusho ya Zanzibar. Mtoto asipoambiwa kwamba huyo ni chui aliyejazwa, atadhani amemwona chui wa msituni, na ataandika kwamba chui wetu ni mnyama mwenye shingo ngumu na macho ya kioo. Nimesoma insha iliyokaribia kusema hivyo.

Ipo mifano mingine ya hapa hapa kisiwani. Nimeona bango la manila lenye habari za kima punju na juu yake picha ya mbega mweusi na mweupe wa bara. Nimeona jingine lenye picha ya kima wa kijivu, ambaye naye yupo Unguja lakini si huyo. Mfano ulio mgumu zaidi ni picha ambayo ni ya mnyama sahihi, wala haikubuniwa, na bado inapotosha. Kima punju wanaoishi karibu na mashamba kule Jozani hula makaa. Wataalamu wanaeleza kwamba makaa huwasaidia kuondoa madhara ya dawa zilizomo katika majani ya miembe na mikungu wanayoyala. Ukiibandika picha ya kima aliyeshika kipande cha kaa bila neno lolote, darasa zima litaandika kwamba kima amekosa chakula hata anakula makaa. Watamwonea huruma, na huruma ni kitu kizuri, lakini watakuwa wameandika jambo ambalo halipo.

Baadhi ya walimu hutafuta picha za kutisha: mnyama aliyekatwa kichwa, aliyegongwa na gari, aliyenaswa akioza. Hudhani kwamba mtoto akishtuka ndipo atakapojali. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka kumi akishtuka hufumba macho, na aliyefumba macho hajifunzi. Tena picha za vifo peke yake humfundisha kwamba mambo yamekwisha. Kima punju hawajaisha. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilifanywa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta kima zaidi ya 5,800 kisiwani, idadi iliyo kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Hata hivyo bado wamo katika hatari, kwa kuwa misitu inakatwa na mnyama huyu hana kwao kwingine kwa asili. Picha moja ya mama na mtoto wake juu ya mti ulio mpakani mwa shamba, yenye maelezo ya mistari miwili juu ya shamba hilo, hufanya kazi kuliko mizoga mitano.

Kirk aliondoka Unguja mwaka 1886. Alistaafu, akajenga makao Sevenoaks, kusini ya Uingereza, akaendelea kushughulika na mimea na mambo ya Afrika, na mwaka 1889 na 1890 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Uingereza katika mkutano wa Brussels juu ya biashara ya watumwa. Alifariki dunia tarehe 15 Januari 1922, mwenye umri wa miaka 89. Mimea yake imehifadhiwa Kew. Karatasi zake na picha zake zimewekwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskochi mjini Edinburgh, ambako watu wanaochunguza Zambezi na Unguja za zamani huzisoma mpaka sasa.

Majuma mawili baadaye nilirudi Nungwi. Mwanachuo yule alikuwa tayari amewapeleka wanafunzi wake Mnarani, kwenye bwawa la asili lililo karibu na mnara wa taa, ambako wanakijiji wamekuwa wakiwatunza kasa tangu mwaka 1993. Alikuwa amewagawia karatasi na penseli, akawakataza kuchora kabla ya kutazama kwa dakika kumi. Nilipofika walikuwa wamelala kifudifudi ukingoni. Mmoja alihesabu vipande vya gamba kwa kidole. Mwingine aliona kwamba kasa hawezi kukificha kichwa ndani ya gamba kama kobe afanyavyo, akamwita mwenzake aje athibitishe.

Lakini pakatokea tatizo. Waliowachora ni kasa wa kawaida, na insha yao ilikuwa ya ng'amba. Siku ile bwawani hapakuwa na ng'amba hata mmoja. Mwanachuo alitaka kuibadilisha insha. Nilimshauri angoje, na jawabu likaletwa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitengeneza mtego wake wa dema kivulini. Baada ya kumsabahi na kumweleza haja yetu, alichukua kijiti, akachora mchangani. Aliwaonyesha watoto vipande vya gamba la ng'amba vinavyopandana kama vigae vya paa, tofauti na vya kasa vilivyolala bega kwa bega, na mdomo wake mwembamba uliopinda kama wa kasuku, anaoutumia kuchokoa chakula katika mianya ya matumbawe. Watoto walinakili, wakamwonyesha, akasahihisha mdomo wa mmoja na mapezi ya wawili.

Gazeti la ukutani lilitundikwa upya siku ya Alhamisi. Chini ya kila mchoro watoto waliandika mistari yao wenyewe. Chini ya kasa waliandika kwamba amechorwa akiwa hai, Mnarani, Nungwi, wakataja siku na urefu wa gamba lake kwa kulilinganisha na mkono wa mchoraji. Chini ya ng'amba waliandika kwamba wao hawakumwona siku hiyo, na kwamba wamemchora kwa maelezo ya mvuvi anayemjua. Ile picha ya kobe niliyoipitisha mimi nilitaka kuibandua. Watoto walikataa. Waliisogeza pembeni, na msichana mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika chini yake kwamba huyu ni kobe, anaishi nchi kavu, na kwamba aliwekwa hapa mwanzo kwa makosa.